Mume wangu hutawadha kwa dakika arobaini: je, ni wasiwasi wa dini au ni ugonjwa?

Swali: Mume wangu ana miaka 34 na ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Tangu mtoto wetu azaliwe, miezi saba iliyopita, udhu wa sala moja unaweza kumchukua dakika arobaini na ndoo mbili za maji, na bado huikata sala akarudi kutawadha upya. Usiku hukagua mtungi wa gesi na komeo la mlango mara nyingi, kisha huniamsha nimthibitishie kuwa vimefungwa. Nikimjibu hutulia, lakini baada ya dakika chache huuliza tena. Mwezi uliopita aliniambia, huku akilia, kwamba hataki kumbeba mtoto kwa sababu humjia wazo la kumtupa chini. Shuleni wanamsifu kwa umakini, hata najiuliza kama haya ya nyumbani anayafanya kusudi. Wakwe zangu wanasema ana shetani na wanataka kumpeleka kwa mganga Bagamoyo. Je, huu ni ugonjwa? Mtoto yuko salama? Nifanye nini anaponiuliza? Na mama mkwe nimweleze kiasi gani?

Jibu: Dada yangu, nitaanza na swali la mtoto, kwa kuwa mama mwenye hofu juu ya mwanawe hawezi kusoma jambo jingine kwa utulivu. Siwezi kumpima mtu kwa barua, lakini kwa namna ulivyoeleza, wazo hilo linalomjia mumeo lina alama za ugonjwa ambao wataalamu huuita kwa kifupi OCD, yaani ugonjwa wa fikra zinazong'ang'ania na vitendo ambavyo mtu hujiona analazimika kuvirudia. Wazo limemjia bila kulitaka, limemtisha, limemliza, na limemfanya ajitenge na mtoto ili amkinge. Mwenye nia ya kudhuru hafanyi hivyo. Watu wenye ugonjwa huu wanaosumbuliwa na fikra za kumdhuru mtoto hawajulikani kwa kuzitekeleza. Wanajulikana kwa kuzikimbia, na mara nyingi kukimbia huko ndiko kunakoiumiza familia zaidi, kwa sababu baba huacha kumbeba, kumwogesha na kumlaza mtoto anayempenda.

Fikra za namna hii haziwajii wagonjwa peke yao. Mwaka 1978 watafiti wawili waliokuwa London, Stanley Rachman na Padmal de Silva, waliwauliza watu wasio na maradhi yoyote ya akili iwapo huwa wanajiwa na mawazo mabaya wasiyoyataka, na wengi wao walikiri kwamba ndiyo. Mawazo yao yalipoandikwa pamoja na ya wagonjwa, hata watu wa fani walipata taabu kusema lipi ni la nani. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mwingine wa nchi 13, Sierra Leone ikiwa mojawapo, na ndani yake zaidi ya wanafunzi tisa katika kila kumi wa vyuo vikuu walisema wamepata angalau wazo moja la aina hiyo katika miezi mitatu iliyotangulia. Dereva wa basi humjia ghafla wazo la kuugeuza usukani kwenye mteremko. Mtu aliyesujudu hujiwa na tusi ambalo hajawahi kulitamka. Aliyesimama kwenye kivuko huona akilini mwake namna angeweza kumsukuma jirani yake majini. Walio wengi hushtuka, huliona ni upuuzi, huendelea na safari yao. Mumeo halioni ni upuuzi. Yeye hulichukua kama ushahidi dhidi yake mwenyewe, kana kwamba kuwaza ni nusu ya kutenda, kisha huanza kulichunguza, kulipinga na kulihesabia siku, na kadiri anavyolipinga ndivyo linavyozidi kumrudia. Fikra hizi hupenda kushika pale penye thamani kubwa kwa mtu. Mcha Mungu hujiwa na kufuru, mpole hujiwa na ukatili, na baba mpya hujiwa na mtoto wake.

Zipo hali ambazo zingenifanya nikupe jibu jingine kabisa, na ni lazima uzijue. Ikiwa atakuambia kuwa anasikia sauti inayomwamuru, au ataamini kuwa mtoto si binadamu au amebadilishwa, au wazo hilo litaanza kumwonea kuwa ni sahihi badala ya kumtisha, au atakesha siku kadhaa huku maneno yake hayaeleweki, usimwache peke yake na mtoto na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Fanya haraka vivyo hivyo akisema kuwa ni afadhali afe. Ugonjwa huu huandamana mara nyingi na sonona, na mtu aliyechoka kupigana na akili yake kila siku anaweza kukata tamaa ya maisha. Muulize waziwazi kama ana mawazo ya kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Usafi, uangalifu na kumcha Mungu si ugonjwa, na mtu anayerudi mara moja kutazama jiko kabla ya kulala hana haja ya daktari. Tunaanza kuuita ugonjwa pale fikra na vitendo hivyo vinapomla mtu muda, na kipimo kinachotumika sana ni zaidi ya saa moja kwa siku, au vinapomtia katika mateso makubwa, au vinapoharibu kazi, ibada na ndoa yake. Mtu ambaye udhu mmoja humchukua dakika arobaini, na anaswali mara tano, amekwisha kuupita mpaka huo kabla hatujauhesabu mtungi wa gesi. Si ugonjwa wa ajabu wala wa nadra. Makadirio ya nchi mbalimbali huzunguka kati ya mtu mmoja na watatu katika kila mia, na kwa kawaida huanza utotoni, katika ujana au katika miaka ya ishirini na kitu. Nadhani ukimuuliza mumeo kwa upole, atakuambia kwamba mambo haya hayakuanza na kuzaliwa kwa mtoto. Yalikuwepo kwa uchache, pengine tangu akiwa shule, naye akayaficha. Kuzaliwa kwa mtoto ni mojawapo ya nyakati ambazo ugonjwa huu huanza au hupamba moto, kwa mama na hata kwa baba, kwa sababu ghafla mtu amekabidhiwa uhai wa mwingine.

Ili uelewe kinachotokea ndani ya nyumba yako, usitazame sana ni kitendo gani anakifanya, tazama kitendo hicho kinamfanyia nini. Linaanza shaka: huenda gesi inavuja. Shaka huleta hofu, na hofu hiyo ni ya kweli mwilini, moyo hudunda na tumbo husokota. Anakwenda kukagua, hofu inashuka, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu akili yake haijajifunza kuwa gesi ilikuwa salama. Imejifunza kwamba amepona kwa kuwa amekagua. Shaka ikirudi, na lazima itarudi, itadai ukaguzi tena, na safari hii itataka mara mbili. Ni kama kukuna upele: raha ya kukuna ni ya kweli kabisa, na ndiyo inayouchimba.

Utajiuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu, mwalimu wa watu, hawezi kukumbuka kwamba ameufunga mtungi dakika mbili zilizopita. Kumbukumbu yake haina kasoro. Mwaka 2003 huko Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt waliwapa watu wazima wasio wagonjwa kazi ya kuwasha, kuzima na kukagua jiko la gesi lililoonyeshwa kwenye kompyuta, tena na tena. Mwishoni watu hao walikumbuka sawasawa ni swichi zipi walizozikagua, ila kumbukumbu yenyewe ilikuwa imefifia na imani yao juu yake imeshuka. Hivyo kukagua hakukuwaongezea uhakika bali kuliwapunguzia, na hao ni watu waliokuwa wazima walipoingia chumbani. Mumeo yuko katika hali hiyo kila usiku. Ukaguzi wa kumi na mbili hauwezi kumpa kitu ambacho wa kwanza haukumpa, kwa sababu anachokitafuta si habari juu ya mtungi. Anatafuta hisia ya kuwa na yakini isiyobakiza shaka hata chembe, na hisia hiyo haipatikani kwa binadamu yeyote, mimi na wewe tukiwemo, isipokuwa sisi tumekubali kulala bila hiyo.

Udhu ni habari ile ile katika vazi la dini, na nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa ndipo familia nyingi za mwambao zinapochelewa. Watu husema kwa mzaha kwamba fulani ana wasiwasi wa udhu, au humsifu kwa ucha Mungu, na miaka hupita. Ahmed Okasha na wenzake wa Cairo, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1994, waliona kwamba kwa wagonjwa wao wa Misri fikra za dini na za uchafu ndizo zilizotawala. Ugonjwa huchukua sura ya kile ambacho jamii inakithamini. Wakristo nao wana sura zao, kama vile kuungama dhambi ile ile kila juma au kurudia sala hadi itamkwe bila dosari. Kwa Mwislamu mlango hufunguka kwenye najisi, nia, takbira ya kuhirimia, idadi ya rakaa na hofu ya kutokwa na upepo au tone la mkojo.

Jambo ambalo mumeo huenda analijua vizuri kuliko mimi ni kwamba sheria anayoihofia kuivunja imempa ruhusa kubwa zaidi kuliko anayojipa mwenyewe. Katika Bukhari na Muslim, vitabu viwili vikuu vya hadithi, imepokewa kwamba mtu anayedhani udhu wake umetenguka ndani ya sala asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Imepokewa pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo ambacho hakifiki lita moja. Wanafiqhi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kuosha kiungo zaidi ya mara tatu wanakuhesabu kuwa ni makuruhu, jambo lisilopendeza. Kuhusu fikra mbaya, Muslim amepokea kwamba Maswahaba waliolalamika kuwa wanajiwa na mambo makubwa mno kuyatamka hawakukemewa. Waliambiwa kuwa kule kuchukizwa nayo ndiyo imani iliyo wazi. Kwa hiyo dakika arobaini na ndoo mbili haziwezi kuwa ziada ya ibada. Ni hofu iliyokalia mahali pa ibada.

Nakuonya juu ya jambo moja hata hivyo. Usimsomee maneno haya kila anapotawadha. Mara ya kwanza yatamtuliza. Mara ya tano yatakuwa yamegeuka kuwa sehemu ya ugonjwa, naye ataanza kuuliza kama hadithi hiyo inamhusu mtu aliyeoga kwa namna fulani na akaguswa na maji ya namna fulani. Wapo watu wanaompigia shekhe mmoja asubuhi, wa pili adhuhuri na wa tatu usiku, na kila fatwa huzaa swali. Njia inayofaa ni kuchagua shekhe mmoja anayeheshimiwa na mumeo, amweleze hali yake mara moja, apewe hukumu moja iliyo wazi, kwa mfano kwamba yeye hutawadha mara moja na shaka yoyote baada ya hapo haimhusu, kisha mlango wa maswali ufungwe. Shekhe naye aombwe asijibu tena. Ninajua viongozi wa dini wanaolifanya hili kwa hekima kubwa, na wakati mwingine neno lao hufungua njia ambayo neno la daktari peke yake lisingeifungua.

Kuhusu shuleni, hapana, hakudanganyi. Vitendo hivi hufuata uzito wa dhamana. Pale ambapo mtu anajiona ndiye wa mwisho mwenye jukumu, shaka humvaa. Pale ambapo jukumu ni la mwingine, humwachia. Angalia: siku ambayo wewe ndiye wa mwisho kulala, je, hukagua mara nyingi vile vile? Huenda utaona tofauti kubwa, na tofauti hiyo si ushahidi kuwa anaweza kujizuia akitaka. Isitoshe, sina hakika kwamba shuleni hana tabu. Umakini unaosifiwa unaweza kuwa ni kuzijumlisha alama za mtihani mara kadhaa, kuwa wa mwisho kukabidhi ripoti, au kuukagua mlango wa maabara kila anapotoka. Wenye ugonjwa huu ni mafundi wa kuficha. Wengi huufanyia kazi kubwa zaidi kichwani, ambako hakuna anayeona: kuhesabu, kurudia neno fulani kwa idadi maalumu ili wazo baya lifutike, kupitia upya mazungumzo ya jana neno kwa neno ili kuhakikisha kuwa hawakumkosea mtu. Hata istighfari inaweza kuingia humo. Anayeomba msamaha kwa Mola wake hupata utulivu akaendelea na kazi. Anayetekwa na ugonjwa huirudia mara thelathini na tatu, akakosea katika ya thelathini, akaanza upya huku jasho likimtoka.

Nifike sasa kwenye swali ambalo liko mikononi mwako kuliko yote, la kufanya nini anapokuuliza. Hapa nitasema jambo ambalo huenda likakuuma, nawe huna hatia yoyote ndani yake. Jibu unalompa usiku, kwamba ndiyo mume wangu, umefunga, nimekuona, linafanya kazi ile ile inayofanywa na ukaguzi. Linamshushia hofu kwa dakika chache na linaiandaa shaka inayofuata. Umeliona mwenyewe na ukaliandika. Karibu kila familia inayoishi na mgonjwa wa OCD huingia humo kwa mapenzi: mke hujibu, watoto huzoea kuvua viatu na nguo mlangoni, dada hukagua kwa niaba yake, na nyumba nzima hupangwa upya kuufuata ugonjwa. Simu nazo zimeongeza njia. Ikiwa ameanza kuupiga picha mtungi wa gesi kabla ya kutoka, au kukutumia ujumbe akiwa kazini ili ukamtazamie, ujue kuwa huo ni ukaguzi ule ule uliohamia kwenye simu.

Hata hivyo usiache kujibu ghafla leo usiku, wala usifanye hivyo kwa hasira, kwa sababu ataliona kuwa ni adhabu na ugomvi utaongeza hofu. Zungumzeni mchana, akiwa ametulia na mtoto amelala. Mwambie umesoma kwamba majibu yako yanaulisha ugonjwa, na mkubaliane pamoja mtaanza na swali gani na mtalipunguza vipi. Mnaweza kuanza na mlango peke yake, ambao pengine unamtisha kidogo kuliko gesi: utajibu mara moja tu kila usiku, na baada ya wiki kadhaa hutajibu kabisa. Akikuuliza tena, utakuwa na maneno mliyoyapanga, kama vile, "Naona shaka imekushika, nami niko hapa, lakini swali hili tulikubaliana silijibu." Kisha kaa naye. Zungumzeni jambo jingine, au nyamazeni. Hofu yake itapanda, na nyinyi wawili mtaona kwamba haikumwangamiza. Itakaa, kisha itaanza kushuka bila mlango kuguswa. Usiku wa kwanza ndio mgumu. Usimcheke, usimhesabie makosa, na siku atakayoshindwa msiifanye kesi. Kwa mtoto ningefuata njia hiyo hiyo: usimnyang'anye mtoto na usivifiche visu, kwa kuwa ukifanya hivyo utamthibitishia kuwa hofu yake ina msingi. Aanze kwa kukaa kitandani na mtoto mapajani nawe ukiwa karibu, kisha ambebe amesimama, kisha wewe utoke uende jikoni.

Hatua hizo za nyumbani ni sehemu ndogo ya tiba inayofanywa kwa utaratibu na mtaalamu, ambamo mgonjwa huikabili hofu yake kidogo kidogo huku akijizuia kufanya kitendo kinachoituliza. Tiba hiyo ilianza kuonyesha njia London mwaka 1966, pale Victor Meyer alipoandika juu ya wagonjwa wawili waliosaidiwa namna hiyo wakati ambapo OCD ilihesabiwa kuwa haina dawa. Leo ndiyo tiba ya mazungumzo na vitendo yenye ushahidi mkubwa kuliko nyingine zote kwa ugonjwa huu, na zaidi ya nusu ya wanaoifuata hadi mwisho hupata nafuu ya kuonekana. Mazungumzo ya kuchimba utoto wake au kumtuliza tu hayatoshi, kwa hiyo mkimpata mtaalamu muulizeni waziwazi kama anaijua njia hii. Kwa mumeo ingekuwa, kwa mfano, kutawadha kwa kopo moja la maji bila kurudia, kisha kuswali na shaka yake ikiwa bado imo kifuani, mpaka mwili ujifunze kwamba mtu anaweza kuswali na shaka.

Dawa pia zipo, na si dawa za kumlewesha. Ni zile zile zinazotumika kutibu sonona, kama fluoxetine na sertraline, ila kwa OCD mara nyingi dozi huwa kubwa zaidi na huchukua wiki 8 hadi 12 kabla ya kujulikana kama zinafaa. Wengi huziacha wiki ya tatu wakidhani zimeshindwa, na hilo ni kosa la kusikitisha kuliko mengine katika ugonjwa huu. Clomipramine, ambayo ni ya zamani zaidi, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya OCD hasa. Kitu ambacho sitaki mkinunue kwenye duka la dawa ni diazepam. Itampa usingizi na inaweza kumfunga kwa mazoea, na haitibu ugonjwa wenyewe. Kwa Tanga, anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, mkiulizia huduma za afya ya akili. Ikihitajika huduma kubwa zaidi wataweza kuwaelekeza Muhimbili au Mirembe, na kwa jamaa zenu wa Unguja ipo hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu. Kabla ya kwenda, mumeo aandike kwa siku saba saa zinazopotea katika udhu, ukaguzi na fikra, kwa sababu akifika mbele ya daktari aibu itamfanya apunguze, na daktari asiyeambiwa habari ya fikra anaweza kuandika kuwa ni wasiwasi wa kawaida.

Chanzo chake utaulizwa na wengi. Ugonjwa huu una mizizi katika mwili: jamaa wa karibu wa mgonjwa wana uwezekano unaokaribia mara nne ya watu wengine wa kuupata, na njia fulani za mawasiliano ndani ya ubongo, zinazounganisha sehemu ya mbele na viini vya ndani, hufanya kazi kupita kiasi. Huko Los Angeles, Lewis Baxter na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba utendaji wa sehemu hizo hubadilika mgonjwa anapopona, awe ametibiwa kwa dawa au kwa mazoezi ya kuikabili hofu. Haukusababishwa na ndoa yako, wala malezi ya mama yake, wala udhaifu wa imani. Na usihuzunike juu ya mtoto. Watoto walio wengi wa wazazi wenye OCD hawaupati.

Kuhusu mganga, sitakuambia umkataze mumeo kusomewa Kurani. Akitaka dua, na aombewe na watu anaowaamini. Ninachokiogopa ni mganga atakayemwambia kuwa amerogwa na fulani au kwamba ndani yake kuna kiumbe kinachotaka damu ya mtoto. Kwa mtu ambaye tayari anazihofia fikra zake, maneno hayo ni sumu, na atapewa masharti mapya ya kuyarudia usiku kucha. Ikiwa wazee wanahitaji kusikia sauti ya zamani, waambie kwamba Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 934, aliziandika fikra zinazong'ang'ania kuwa ni maradhi ya nafsi yanayohitaji tiba, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Mama mkwe usimweleze lolote juu ya wazo la mtoto. Hiyo ni siri aliyokupa mumeo, na akisikia kuwa imefika kwa mama yake hatakufungulia tena kinywa, nawe utapoteza njia pekee ya kujua hali yake inaendaje. Yanayoonekana, yaani udhu na ukaguzi, mama anayajua tayari, hivyo muulize mumeo kama anakubali mama aambiwe kuwa ana maradhi yenye jina na kwamba ameanza kwenda hospitali. Akikubali, ni bora aliseme yeye mwenyewe huku wewe ukiwa umekaa kando yake. Akikataa, mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba mmekwisha kuanza matibabu na mnaomba mpewe miezi mitatu kabla ya safari yoyote ya Bagamoyo, muda ambao unatosha kuona kama dawa imeshika.